Herufi za Maji Ukutani

Gordon Waliaula alijifunza kuandika akiwa na miaka ishirini na mmoja, ingawa alikuwa amekwisha kukaa darasani miaka sita. Shule yao ilikuwa upande wa Kimilili, na mwalimu wa darasa la pili alikuwa na mazoea ya kuwapiga watoto kwa rula kwenye vifundo vya vidole kila herufi ilipotoka nje ya mstari. Herufi za Gordon zilitoka nje ya mstari kila siku. Kadiri alivyopigwa ndivyo vidole vilivyokakamaa, na kadiri vilivyokakamaa ndivyo alivyozidi kupigwa. Kusoma alijua, hesabu alizipata, lakini daftari lake lilikuwa kama limepitiwa na kuku. Alipofika darasa la sita alichoka nalo. Akaenda kuchunga ng'ombe wa mjomba wake, na alipopata nguvu za kutosha akashuka Muhoroni kukata miwa.

Huko Muhoroni ndiko alikokutana na Mzee Ochieng, fundi wa kuandika mabango kutoka Kisumu, aliyekuwa ameitwa kuandika nambari kwenye matrekta ya kubeba miwa. Gordon alisimama kumtazama tangu saa ya chakula hadi msimamizi wake alipomfokea. Alikuwa hajawahi kumwona mtu akiandika kwa mkono mzima. Mzee aliegemeza kifundo cha mkono juu ya fimbo yenye kichwa cha kitambaa, akaivuta brashi kutoka begani, polepole, bila kukaza chochote, na nambari nane ikatokea kwenye chuma kama vile ilikuwapo tangu mwanzo, imefichwa tu na vumbi. Jioni hiyo Gordon alimshikia mkebe wa rangi. Juma lililofuata alikuwa Kisumu, analala kwenye stoo ya Mzee Ochieng karibu na soko la Kibuye.

Miezi mitatu hakuruhusiwa kuandika hata herufi moja. Alipewa vipande vya mabati vilivyonyooshwa kwa nyundo, akaambiwa apige mistari: ya kusimama, ya kulala, ya mviringo. Akimaliza kipande anakifuta kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, kisha anaanza upya. Siku moja alimweleza mzee habari za ile rula. Mzee Ochieng aliushika mkono wake, akaugeuza huku na huku.

"Mkono huu hauna ubaya," akasema. "Waliuomba vitu vidogo kabla ya vikubwa."

Basi Gordon akawa fundi. Kwa zaidi ya miaka ishirini ukipita Kisumu ungesoma maandishi yake bila kujua ni yake: bucha za Kondele, vinyozi wa Nyalenda, zahanati, hoteli za chapati, na majina ya mashua zilizoanikwa ufukweni Dunga. Alimuoa Nasike, msichana wa kwao aliyekuwa akiuza mitumba ya watoto pale Kibuye, wakapanga nyumba Manyatta, wakalea watoto watatu ambao sasa ni watu wazima wenye nyumba zao. Kidholuo alikijua mpaka wateja wakasahau kuwa ni Mbukusu. Kitu kimoja tu hakikubadilika. Ukimpa kalamu na karatasi, aibu ya darasa la pili ilimrudia. Fomu za benki na za kanisani alizijaza kwa herufi kubwa, moja moja, kama mtu anayeandika bango dogo.

Kisha zikaja mashine za kuchapisha mabango ya plastiki. Mwenye saluni akitaka jina, anaenda mjini asubuhi na kurudi saa sita na bango lenye picha ya mwanamke anayecheka. Kazi za Gordon zikapungua mwaka hadi mwaka, mpaka siku nyingi akawa anashinda kibandani kwa Nasike akikunja nguo. Hakuwa mtu wa kulalamika. Ila Nasike alikuwa akimwona anavyochora herufi kwa kidole juu ya goti, akili haipo.

Januari ya mwaka 2023, Madam Emmaculate, mkuu wa shule ndogo ya chekechea ya kanisa pale Manyatta, alikuja kibandani kununua sweta ya mjukuu. Katika mazungumzo akataja kwamba anatafuta mtu wa kuandika herufi na nambari kwenye kuta za darasa la PP2, la mwisho kabla ya Gredi ya Kwanza. Nasike alimwelekezea kidole mumewe aliyekuwa ameketi nyuma ya rundo la suruali.

Gordon alianza kazi Jumatatu. Darasa lilikuwa na watoto arobaini na mmoja na mwalimu mmoja, Dorca, msichana wa miaka ishirini na sita aliyetoka chuo miaka mitatu iliyopita. Kutoka juu ya kistuli chake, Gordon aliona yote yaliyokuwa yakitendeka. Kila asubuhi Mwalimu Dorca aliwagawia watoto madaftari ya viboksi vidogo, akachora mfano mstari wa kwanza, na watoto wakatakiwa wajaze ukurasa. Baada ya dakika tano chumba kilijaa manung'uniko. Penseli zilivunjika, raba zilitoboa karatasi, na watoto wawili watatu walilala mezani.

Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka mitano aitwaye Ajwang. Aliikamata penseli kwa ngumi, kama mtu anayechimba kwa jembe fupi, na kuikandamiza mpaka kucha zake zikageuka rangi. Karatasi ilichanika. Akifika kwenye kiboksi cha nne aliuficha mkono chini ya meza, akaukalia, na hapo hakuna aliyeweza kumrudisha. Gordon alipouona mkono ule umekaliwa, alisikia vifundo vyake mwenyewe vinauma.

Siku ya tatu alikuwa akiandika herufi J, kubwa kama mtoto, karibu na dirisha. Alipogeuka kuchovya brashi alimkuta Ajwang amesimama nyuma yake, mkono wa kulia hewani. Mtoto alikuwa akimfuata: ameshuka naye moja kwa moja, akakunja naye kuelekea kushoto, akamalizia juu. Gordon akaiweka chini brashi ya rangi. Akarudia herufi ileile kwa brashi kavu, polepole. Mtoto akarudia. J ile ya hewani haikuwa na kasoro yoyote.

Wakati wa uji alimweleza Mwalimu Dorca. Alitarajia kuambiwa ashughulike na rangi yake, lakini Dorca aliweka kikombe chini na kucheka kwa huzuni kidogo. Alisema chuoni walifundishwa jambo hilohilo: mtoto hujenga bega kabla ya kiwiko, na kiwiko kabla ya vidole, na mtoto wa miaka mitano ambaye hajafinyanga, hajakwea wala hajavuta kitu hawezi kuitawala penseli. Aliyajua yote hayo. Lakini alikuwa na watoto arobaini na mmoja, na wazazi waliofungua madaftari kila Ijumaa kuhesabu kurasa zilizojaa.

"Nikawapa wanachotaka," alisema. "Lakini Mzee, mimi mwenyewe huwa naona ni kama nawanyima."

Gordon alifikiria jambo hilo njia nzima kwenda nyumbani. Asubuhi akaja na mfuko. Ndani mlikuwa na brashi zake za zamani, zile ambazo nywele zilikuwa zimepungua lakini bado zilishika maji, na mikebe mitupu ya rangi aliyoisugua hadi ikang'aa. Nje ya darasa, upande wa mashariki, kulikuwa na ukuta mrefu wenye plasta laini ya simenti, uliopigwa na jua tangu saa mbili. Akamwomba Dorca ampe watoto kumi.

Hakuwapa rangi. Aliwajazia mikebe maji ya bomba. Akapiga mstari mmoja wa kusimama kutoka juu ya kichwa chake hadi magotini, na plasta ikawa nyeusi pale maji yalipopita. Watoto wakapiga yao. Walinyoosha mikono hadi juu, wakainama, wakapanda tena. Kabla hawajafika mwisho wa ukuta, mistari ya kwanza ilikuwa imekwisha kukauka na kutoweka, na nafasi ya kuandika ilikuwa imerudi. Hakuna aliyehitaji raba. Ajwang alipiga mstari wake, ukapinda. Akaukazia macho akingoja kukemewa. Ukakauka. Akapiga mwingine.

Alikuwa na tabia yake ileile ya kukandamiza, na brashi ikawa inatandaza nywele pande zote.

"Ukiona imetanua miguu, ujue umeilemea," Gordon alimwambia, akamwinulia kiwiko kidogo. "Ibebe, isikubebe."

Hivyo ndivyo walivyoendelea mpaka mwezi wa tatu. Kila asubuhi makundi manne yalitoka kwa zamu: mistari, kisha miduara mikubwa, kisha mawimbi kama ya ziwani yanayopanda na kushuka bila brashi kuinuliwa. Kazi ya rangi ndani ya darasa ilikuwa imekwisha zamani, lakini Gordon aliendelea kuja, na Madam Emmaculate hakuuliza kwa nini. Watoto walimwita Mwalimu Brashi. Ajwang peke yake alimwita Kwara, babu yangu.

Madaftari, hata hivyo, yalikaa karibu matupu, na wazazi waliona. Katikati ya Machi Madam Emmaculate akaitisha mkutano, akamtaka Gordon aeleze mwenyewe kazi yake. Gordon alikuwa hajawahi kuhutubia watu. Alisimama mbele ya benchi zilizojaa akina mama na baba wachache, akasema kuhusu bega na kiwiko, akasema kuhusu mabati na mafuta ya taa, akapotea katikati, akarudi mwanzo, na mwisho akaketi bila kumaliza. Mama mmoja alisema mtoto wa jirani yake katika shule nyingine ameshaandika majina yake matatu. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Babake Ajwang, Frankline, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mrefu mwenye alama za cheche mikononi. Alisimama polepole.

"Mzee, nakuheshimu," alisema. "Lakini mimi simleti mtoto hapa kuchezea maji. Maji tunayo nyumbani."

Hakusema kwa ukali, na kwa sababu hiyo maneno yake yalimwingia Gordon zaidi. Wiki hiyo watoto wawili walihamishwa shule. Frankline alikubali kungoja hadi mwisho wa muhula wa pili, si zaidi. Madam Emmaculate, aliyekuwa na shule ya kulinda, akaamua kwamba Jumanne na Alhamisi madaftari yarudi mezani, na siku nyingine ziwe za ukuta. Mwalimu Dorca aliona ni haki. Gordon alikubali, lakini nyumbani alimwambia Nasike kwamba labda amejitia katika kazi za watu waliosoma, na kwamba asubuhi hatakwenda.

Nasike alikuwa akipanga nguo za kupeleka sokoni. Hakubishana naye. Alimuuliza tu kama yule mtoto wa kukalia mkono bado anaukalia. Gordon akafikiri. Akagundua kuwa hajamwona akiukalia tangu Februari.

Asubuhi alikwenda.

Mvua za masika zilipoanza, ukuta wa nje haukufaa kitu. Kisumu mvua hupenda kuja alasiri kwa kishindo kutoka ziwani, lakini mwaka ule zilinyesha hata asubuhi, na plasta ikashinda imelowa. Waliingia ndani, wakaanza kuandika sakafuni kwa chaki. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Gordon hakulipanga. Boksi la chaki lilikuwa limeisha, na jipya lilikuwa halijaletwa. Vilibaki vipande vya mwisho, vifupi kama punje ya hindi, vile ambavyo walimu hutupa. Gordon akawagawia hivyo hivyo, kila mtoto kipande kimoja.

Kipande kifupi namna ile hakikamatiki kwa ngumi. Ajwang alijaribu, kikamponyoka. Akajaribu tena. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akakiokota kwa kidole gumba na cha shahada, cha kati kikategemeza kwa chini, kama mtu anayechota chumvi kidogo. Akainama sakafuni na kuandika. Mwalimu Dorca aliliona hilo akiwa upande wa pili wa chumba. Alivuka katikati ya watoto, akachuchumaa karibu na Gordon, na wote wawili wakatazama vidole vile kwa jicho la pembeni, kwa kuogopa kwamba mtoto akijua anatazamwa atavisahau.

Boksi jipya lilipofika, Dorca alikaa chini na kuvunja chaki zote vipande vipande. Penseli za Jumanne na Alhamisi pia alizikata kwa msumeno mdogo wa Gordon, akazichonga upya, kila moja ikawa na urefu wa kidole cha mtoto.

Ila vidole bado vilikuwa dhaifu. Watoto waliishika penseli vizuri kwa dakika tatu nne, kisha wakachoka na ngumi zikarudi. Hapo Nasike naye akaingia katika kazi, ingawa hakuna aliyemwita. Jumatano moja, siku ambayo soko lilikuwa limezubaa, alifika shuleni na gunia la mashati ya watoto na vibanio vya nguo. Akafunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha. Kazi ya watoto ilikuwa kufunga vifungo vyote vya shati, kuanzia shingoni hadi chini, kisha kulianika kwa vibanio viwili. Mwanzoni ilikuwa vurugu: shati limefungwa upande, kola imekwenda sikioni. Nasike aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kifuani, akawaonyesha mmoja baada ya mwingine jinsi ya kukisukuma kifungo kwa gumba. Kufikia Juni kulikuwa na mashindano. Pia alisema, akicheka, kuwa hajawahi kupeleka sokoni mitumba iliyofungwa vizuri kama ile.

Walianza pia kufinyanga, na udongo ulitoka upande wa Nyando, mweusi na mzito. Baba wa mtoto mmoja aliyekuwa akisomba mchanga aliuleta kwa hiari yake. Gordon alikumbuka baadaye kwamba baba huyo alikuwa miongoni mwa walioitikia kwa vichwa kule mkutanoni.

Si kila mtoto alifanikiwa. Mvulana mmoja aliendelea kuandika kila kitu kinyumenyume hadi mwisho wa mwaka, na msichana mwingine alipenda ukuta lakini akalia kila alipoona daftari. Dorca aliyaandika majina yao pembeni, akawa anakaa nao kabla ya kengele. Lakini darasa kwa ujumla lilikuwa limetulia. Manung'uniko yalipungua, na asubuhi za madaftari ungesikia tu mikwaruzo midogo ya penseli fupi.

Mwisho wa muhula wa pili, Agosti, wazazi walikuja kuchukua ripoti. Frankline alifika akiwa bado na nguo za kazi. Mwalimu Dorca alimpa daftari la Ajwang, na Gordon, aliyekuwa akikusanya mikebe karibu na mlango, hakuweza kuondoka wala kusogea.

Frankline alilifungua kutoka mwanzo. Kurasa za Januari zilikuwa na matundu. Alipitisha gumba nyuma ya karatasi, kama anavyopapasa kiungo cha chuma kuona kama moto umepita sawa, na matuta ya penseli yalikuwa yamejitokeza upande wa pili. Akafunua. Machi, matuta. Mei, kidogo. Alipofika ukurasa wa mwisho alisimama. Katikati yake palikuwa na neno moja, AJWANG, kwa herufi zilizopanda kidogo kuelekea kulia, na ile G ya mwisho imejibana kwa kukosa nafasi. Aligeuza karatasi. Akapapasa nyuma yake, mara ya kwanza na mara ya pili.

"Hajatoboa," alisema.

"Hapana," Dorca akajibu.

"Na mkono? Bado unamuuma?"

Dorca alimwambia amuulize mwenyewe. Ajwang alikuwa mlangoni akivuta suruali ya Gordon, akitaka mkebe. Babake alipomuuliza, mtoto alikunja na kukunjua vidole, akasema kwamba mkono hauumi, na kwamba G ni ngumu lakini ataizoea. Frankline alilifunga daftari, akaliweka chini ya kwapa. Akamsogelea Gordon. Akampa mkono, akamshukuru: "Ero kamano, Mzee." Gordon akaitikia kwa Kidholuo kilekile. Muhula wa tatu ulipofunguliwa Ajwang alikuwa wa kwanza langoni.

Jumamosi moja ya Oktoba Gordon alikuwa akitoka Kondele, ambako mwenye kinu cha kusagia unga alikuwa bado anataka maandishi ya mkono, akapita karibu na karakana ya Frankline. Alimkuta Ajwang ameketi juu ya kiti cha mbao, mbali na moto, akiwa na kipande cha chaki. Babake alikuwa akipima vyuma vya geti kwa futi na kusema namba, naye mtoto anaandika kila namba mwisho wa chuma chake. Saba zake zilikuwa zimesimama wima. Nne alizifunga juu, jinsi Gordon alivyozoea kuziandika kwenye mabango, ingawa hakukumbuka kumfundisha hivyo.

Frankline alizima mashine. Alisema kijana wake wa kazi alikuwa akiandika namba mbaya, akakata vyuma vifupi mara mbili, na sasa hiyo kazi ni ya Ajwang kila Jumamosi hadi saa nne, kisha anaruhusiwa kwenda kucheza. Akavuta benchi. Akaagiza chai. Gordon aliketi pale karibu saa nzima, wakaongea habari za mageti, na za rangi ipi inavumilia unyevu wa ziwani, na Ajwang akaendelea kuandika kwenye mabaki ya vyuma hata namba zilipokwisha.

Novemba, mwalimu wa Gredi ya Kwanza katika shule ya jirani, ambako watoto wengi wa Madam Emmaculate huendelea, alikuja kuwaona watoto atakaowapokea. Alikaa darasani asubuhi moja. Alipoondoka aliuliza kama mzee wa brashi angeweza kwenda kwake pia, japo mara moja kwa juma. Madam Emmaculate alimjibu kwamba angemuuliza mwenyewe, lakini asitumaini sana. Jioni hiyo alimwita Gordon ofisini, akamwambia kanisa limekubali awe mfanyakazi wa shule, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Gordon aliomba muda wa kufikiri. Alifikiri mpaka alipofika langoni, akageuka na kurudi kusema amekubali.

Kwa hiyo ukipita pale Manyatta siku hizi, asubuhi isiyo na mvua, utawakuta. Watoto wa Januari huja na vidole laini kuliko wa zamani, Gordon anasema, vidole vilivyozoea kuteleza juu ya simu za mama zao, na wengine huogopa mkebe wa maji. Anawaacha waogope siku mbili tatu. Mwalimu Dorca sasa huwaita wazazi mapema, wiki ya kwanza, na hawahutubii. Anampa kila mzazi brashi na kumwomba aandike jina la mtoto wake ukutani kwa mkono mzima. Wazazi hucheka, wengi wao huandika vibaya, na baada ya hapo maswali huwa machache.

Siku zisizo za shule Gordon hushinda Kibuye, au huitwa Dunga kuandika jina la mashua. Amenenepa kidogo. Nasike anadai ni uji wa watoto.

Ijumaa ndiyo siku anayoipenda zaidi. Watoto wakishaondoka, huziosha brashi zote bombani, moja moja, akizinyoosha nywele kwa vidole, kisha huzilaza kwenye kizingiti cha dirisha zikauke kabla ya Jumatatu. Hafanyi haraka. Akimaliza huaga mlinzi, hununua njugu za kutafuna njiani, na kutembea hadi Kibuye kumsaidia mkewe kufunga kibanda.